Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya kisukari

Watu wakisikia nafanya kazi kliniki ya kisukari wanadhani kazi yenyewe ni kutoboa vidole na kuwagombeza wagonjwa wasile wali. Naandika siku ya leo ilivyokwenda, wajue.

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri niko kituoni nasubiri daladala. Saa moja na nusu nafungua chumba, nakagua friji ya insulini isome kati ya nyuzi 2 na 8, nahesabu stripu za kupimia. Benchi limeshajaa watu ambao hawajala tangu jana usiku. Mpaka saa tatu ni kidole, tone la damu, andika kwenye daftari, anayefuata.

Saa tatu na kitu akaingia bibi mmoja na mwanawe. Nikamwamkia, nikampima. Mashine ikasoma 13.4, sukari iko juu.

"Si unaona, sista?" kijana akadakia. "Huyu anakula usiku. Mpaka kabati la sukari tumefunga na ufunguo ninao mimi."

Bibi aliinamisha kichwa, akawa anaviringisha pindo la khanga kidoleni. "Sijatia kitu mdomoni tangu magharibi, mwanangu."

"Sasa hiyo sukari imetoka wapi?"

Swali hili naulizwa karibu kila kliniki, na kila mara linaulizwa kama mashtaka. Linaniudhi, kwa sababu mgonjwa anaaibishwa mbele za watu kwa kosa ambalo hakulifanya. Foleni ilishaanza kunung'unika mlangoni, lakini sikuwaacha waondoke hivyo.

"Imetoka kwenye ini lake, kaka." Nikageuza fomu, nikachora kwa nyuma. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, na ndani yake mna visiwa vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. Seli za beta hutoa insulini, inayoshusha sukari kwenye damu, seli za alfa hutoa glukagoni, inayoipandisha. Usiku tumelala, ubongo bado unataka sukari, basi glukagoni huliamuru ini, ambalo ndilo ghala, litoe akiba.

Kwa mtu mzima wa afya, seli hizi zinachungana. Insulini ikitoka huzipunguza kasi seli za alfa zilizo jirani. Glukagoni nayo huzichochea seli za beta, ili sukari inayotoka ghalani ikute insulini ya kuishughulikia. Kuna na seli za delta, chache, zinazotoa somatostatini ya kuzituliza zote mbili. Kwa bibi, seli za beta zimechoka na zile za alfa hazisikii zuio kama zamani. Ini linamwaga sukari usiku kucha hata kama hajaonja kitu.

Kijana aliukodolea macho mchoro. "Kwa hiyo kumnyima chakula cha jioni hakusaidii?"

Nikaomba kuona dawa. Bibi akafungua mfuko wa plastiki: karatasi za metformini ambazo zilipaswa kuwa zimekwisha, nyingine hazijatobolewa hata tundu moja. Aliambiwa anywe baada ya kula. Walipomkatia chakula cha jioni, kidonge cha jioni nacho kikaachwa, na kidonge hicho ndicho kinachopunguza sukari inayotoka kwenye ini! Nikawaambia apewe chakula chake, ugali kidogo, mboga nyingi, maharage au dagaa, kisha dawa. Nikawapeleka kwa daktari. Wakati wa kutoka kijana alimshika mama yake mkono.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Stripu zilikatika, nikazunguka wodi mbili kuomba. Niliporudi, mzee mmoja benchini alikuwa analowa jasho na maneno hayamtoki sawasawa. Nikampima: 2.9, sukari imeshuka mno. Alimeza glibenklamidi alfajiri bila kula, akaja kukaa foleni. Dawa hiyo huzisukuma seli za beta zitoe insulini hata sukari ikiwa chini, na insulini ikizidi hivyo glukagoni nayo hubanwa, kwa hiyo msaada wa ini unachelewa. Tukampa maji ya sukari, tukapima tena baada ya dakika 15, yakaja 4.6, akala mkate. Kwenye daftari lake nimeandika kwa herufi kubwa: SIKU YA KLINIKI MEZA DAWA HII UKISHAPIMWA, NA CHAKULA KIKIWA MBELE YAKO.

Mchana nilikula nimesimama. Miguu inawaka, na bado kuna watu.

Wa mwisho alikuwa kijana wa sekondari mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mchezaji wa mpira. Kwa wagonjwa kama yeye seli za beta zimeharibiwa, na miaka ikienda hata seli za alfa huacha kuitikia sukari inaposhuka. Ndiyo maana anaweza kuanguka uwanjani watu wakadhani ameishiwa pumzi. Nimemwandikia apime kabla ya mazoezi, glukosi iwe kwenye soksi au mfukoni, na wenzake wajue. Amesema kliniki ijayo atakuja na kocha wake. Nimemwambia waje mapema, kabla foleni haijafika mlangoni, maana mchoro wa kocha nitauchora mkubwa zaidi.