Alama zake zimepanda, maisha yetu je?

Tangu mke wangu apate kiharusi, kila tukienda kliniki mtaalamu wa mazoezi ya viungo humjazia kipimo cha Barthel, fomu inayopima mtu anavyojimudu mwenyewe kila siku. Ni kipimo cha siku nyingi, kilichapishwa mwaka 1965, na kinauliza mambo kumi: kula, kuoga, kujisafisha, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kutoka kitandani kwenda kitini, kutembea na kupanda ngazi. Ukiyaweza yote unapata 100. Alipotoka hospitali alikuwa na 35. Safari hii amepata 85, tukapongezwa, na pongezi hizo ni haki yake kwa sababu kila alama ameitolea jasho.

Lakini fomu ile haiulizi kama anaongea. Haiulizi kama ana raha, wala kama mimi ninayemuuguza nalala usiku. Ndiyo maana nimeona niandike.

Kiharusi chake kilikuwa cha damu iliyoganda kuziba mshipa, upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vikakosa nguvu, na kwa kuwa lugha kwa watu wengi hukaa upande huohuo wa kushoto, maneno nayo yakapotea. Hali hii ya kupotewa na maneno huitwa afasia. Mke wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na akili ya hesabu ipo palepale. Anajua tarehe, anajua nani anadanganya, na nikikosea kujumlisha matumizi ya nyumba anagonga meza kwa kidole. Ila akitaka kusema "kikombe" linatoka "dirisha", na papo hapo anajua kwamba silo. Hasira anayoipata hapo ni ya mtu mwenye akili timamu aliyefungiwa mlango.

Kinachomuumiza zaidi ni watu. Wageni hupaza sauti kana kwamba ni kiziwi, au huniuliza mimi naye amekaa hapohapo: "Siku hizi anakula vizuri?" Mimi hunyamaza, nikamgeukia yeye. Mgeni huona haya kidogo, kisha hujifunza. Tunatumia maswali ya ndiyo au hapana, moja baada ya jingine, pamoja na karatasi na kalamu, televisheni ikiwa imezimwa. Baada ya hapo tunasubiri. Kusubiri sekunde kadhaa bila kumdakia neno mdomoni ni kazi ngumu kuliko kumnyanyua. Cha ajabu, nyimbo alizozijua tangu utotoni anaimba beti nzima, maneno yote sawasawa, kwa sababu kuimba hutegemea pia upande wa kulia wa ubongo. Jioni tunaimba, na hilo nalihesabu kuwa sehemu ya maisha mazuri, hata kama halina alama.

Kuna uchovu pia. Uchovu wa baada ya kiharusi hauishi kwa kulala. Mtu anaweza kuamka asubuhi amechoka, na mazungumzo ya nusu saa yakammaliza. Ndugu wengine wameuita uvivu, nami huwajibu bila kuwaficha kwamba ubongo ulioumia unatumia nguvu nyingi kufanya mambo madogo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, nayo ni ya kawaida mno: takriban mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi huipata. Daktari alimwanzishia dawa, na polepole akaanza tena kuchagua nguo zake mwenyewe. Anayemwona mgonjwa wake amekataa mazoezi, amegeukia ukutani, amtajie daktari sonona kwa jina lake, asingoje kuulizwa.

Upande wangu, nilifundishwa kumwinua kwa magoti bila kuupinda mgongo, na kutomvuta kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega huteguka kirahisi. Hayo yalinisaidia sana. Kulikuwa pia na matarajio kwamba nitakuwa mtaalamu wa mazoezi wa nyumbani, asubuhi, mchana na jioni. Kisha nikasoma kuhusu utafiti mkubwa uliofanyika India, uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Familia zilifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi haikupungua kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Mazoezi yana faida, na ya wataalamu tunayaendeleza. Ila kwangu utafiti ule ulinipa ruhusa ya kurudi kuwa mume. Nyumbani tumebakiza yale anayoyataka mwenyewe: vifungo vya blauzi, na kutembea hadi getini kupokea gazeti.

Kuwa mume kuna jambo ambalo hakuna aliyetuuliza. Tangu aliporudi alilala peke yake, eti ili apumzike vizuri. Tulimuuliza daktari sisi wenyewe, akatueleza kwamba wanandoa wengi hurudia maisha yao ya ndoa baada ya hali kutulia, mradi shinikizo la damu limedhibitiwa. Sasa tunalala kitanda kimoja, na wote wawili tunalala vizuri zaidi.

Kwa anayeuguza kipo kipimo cha Zarit, kilichoanza mwaka 1980 kwa familia zenye wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kinauliza kama unapata muda wako mwenyewe, kama afya yako imezorota, kama marafiki wamepungua. Nilikijaza nikakipeleka kliniki pamoja na fomu yake, na daktari akanipima presha kwa mara ya kwanza tangu mke wangu augue. Ilikuwa juu. Natamani kila kliniki ya kiharusi iwapime wote wawili siku hiyohiyo.

Na ninyi ndugu na marafiki, "mkihitaji chochote mtuambie" ni maneno ya upendo, ila yanamwachia aliyechoka kazi ya kuomba. Shemeji yangu alisema: "Kila Alhamisi saa kumi nakuja kukaa na dada mpaka saa moja, wewe toka." Anakuja. Mimi natoka, na mke wangu anapata mtu mwingine wa kubishana naye kwa kalamu.