Gati la Khufu, Bahari ya Shamu

Ukitoka Cairo kwa barabara ya Ain Sukhna, kisha ukafuata pwani kuelekea kusini, bahari inabaki kushoto na milima mikavu kulia kwa saa kadhaa. Dereva alitaka tusonge moja kwa moja hadi Hurghada, kwenye hoteli na watalii. Kusimama Wadi al-Jarf, kilomita kama 120 kusini ya Suez, aliona ni kupoteza muda.

"Ya akhi, hapa hakuna kitu."

Ukitazama toka barabarani, kweli: changarawe na upepo, basi.

Lakini maji yalikuwa yamepwa. Mawe ya gati yalichomoza moja moja, yakielekea baharini kabla ya kukata kona kusini-mashariki. Lilijengwa enzi ya Farao Khufu, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Kwa mtu wa pwani kama mimi kona ile inajieleza: pepo za huku huvuma kutoka kaskazini, na nyuma ya gati vyombo vinatulia. Humo majini timu ya mwanaakiolojia Mfaransa Pierre Tallet, iliyoanza kuchimba 2011, ilikuta nanga za mawe. Nyingine karibu 100 zilikuwa zimewekwa nchi kavu, baadhi zikiwa bado na kamba.

Vyombo vyenyewe havikuachwa juani. Vilifumuliwa ubao kwa ubao, vikahifadhiwa katika mapango kama 30 yaliyochongwa mwambani, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, na milango ikazibwa kwa mawe makubwa. Msimu ukifika vinaundwa upya, watu wanavuka hadi Sinai kufuata shaba na feruzi.

Mapangoni hatukuruhusiwa. Si neno; hazina yake nilishaiona makumbusho ya Cairo: makaratasi ya mafunjo yaliyopatikana 2013, ya kale kuliko yote yenye maandishi. Ni daftari la kazi la Merer, msimamizi wa watu kama 40 waliosomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwenye piramidi ya Khufu. Wamepakia wapi, wamelala wapi, wamefika lini. Kuisifu piramidi, hata neno moja! Kuna na hesabu za posho, kwa wino mweusi na mwekundu. Aliyewahi kumwandikia bosi ripoti atamwelewa Merer mara moja.

Baadaye kikosi chake kililetwa huku Bahari ya Shamu, naye akaja na makaratasi yake. Ndiyo maana habari za mawe ya Giza zimefukuliwa jangwani, mbali hivi na Nile.