Chupa Ndogo ya Pua Niliyoshindwa Kuiacha

Kwa miezi minane sikutoka nyumbani bila vitu vitatu: funguo, simu na chupa ndogo ya matone ya pua. Simu niliisahau mara kadhaa. Chupa, hata siku moja.

Nauza sweta na makoti ya mitumba hapa Nakuru. Wenzangu wa kazi hii wanaijua siku ya kufungua belo. Ukikata tu kamba, vumbi linakurukia usoni, na kwangu chafya zilianza papo hapo, kumi kwa mfululizo, kamasi nyepesi kama maji, macho yakiniwasha mpaka wateja wakidhani nimefiwa. Vumbi la mji wenyewe halikunisaidia. Husemwa kwamba jina Nakuru lilitoka kwa Wamaasai, maana yake mahali pa vumbi, na Januari upepo ukivuma hakuna anayebisha.

Nilidhani ni mafua. Ningejua, ningejiuliza mafua gani hayo yasiyo na homa, yanayowasha puani, na yasiyoisha hata baada ya mwezi. Mafua ya kawaida hukuacha baada ya wiki moja au mbili hivi. Yangu yalikuwa mzio.

Kijana wa kemisti alinipa matone. Jamani! Dakika chache tu pua ikafunguka, nikalala usingizi wa mtoto. Nilimuuliza nitumie mpaka lini, akanijibu, "Ikiziba tena, tia tena, mama." Karatasi ya ndani ilisema siku chache tu, lakini nani husoma karatasi zile na maandishi yake madogo kama mchanga?

Ikawa mara mbili kwa siku, kisha kila baada ya saa tatu. Chupa moja kwenye pochi, nyingine kibandani, ya tatu chini ya mto. Usiku nikiamka pua imeziba kabisa, napapasa gizani huku moyo ukidunda. Asubuhi moja damu ikanitoka puani, na jirani akaniinamisha kichwa nyuma nikaimeza yote hadi nikatapika. (Siku hizi najua: unainama mbele, unabana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia ili kuchungulia, na unapumua kwa mdomo.)

Damu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akamulika, akatikisa kichwa.

"Matone haya umeyatumia muda gani, mama?"

"Kama wiki mbili hivi, daktari."

Hakusema neno. Alinitazama tu, kalamu mkononi, mpaka nikaona aibu.

"Miezi minane."

Akanieleza kwamba dawa hizo, zile za zailometazolini na ndugu zake, hukaza mishipa midogo ya damu ndani ya pua, nyama za pua zikanywea na hewa ikapita. Ukizitumia kupita siku tano hivi, dawa ikiisha nguvu nyama zinavimba kuliko mwanzo, nawe unatia tena. "Vumbi ndilo lilianza," akasema, "lakini sasa kinachokuziba ni hiyo chupa."

Nilikasirika, nikidhani ananisingizia. Lakini niliporudi nyumbani nikahesabu chupa tupu kwenye droo, nikanyamaza.

Alinipa dawa nyingine ya kupuliza, ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe. Jina lile lilinitisha, akanihakikishia kwamba kipimo cha puani ni kidogo, si sawa na kumeza vidonge. Haifungui pua papo hapo. Hufanya kazi polepole, hata wiki mbili. Alinifundisha pia namna ya kuipuliza: kichwa kiiname mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na ncha ielekee upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, kwani huko ndiko huleta damu. Usivute kwa nguvu, dawa itaishia kooni.

Matone sikuyaacha yote kwa mpigo. Nilianza na tundu la kushoto, la kulia nikaliachia tone la usiku tu. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni, nikimnunia kila mtu nyumbani. Kilichonisaidia ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika kikombe kikubwa cha maji yaliyochemshwa yakapoa, naosha asubuhi na jioni. Maji ya bomba moja kwa moja alinikataza kabisa. Siku ya tisa nikahisi hewa baridi ikipita kushoto, kidogo kama uzi. Nikakaa kitandani nikiipumua hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nikaacha na upande wa kulia.

Mzio bado ninao. Belo nafungulia nje, barakoa usoni, na mashuka nayafua kwa maji moto kila wiki. Msimu wa vumbi narudia ile ya kupuliza.

Juzi mteja alijaribu koti nililokuwa nalivaa mwenyewe kibandani wakati wa baridi. Akatia mkono mfukoni, akatoa chupa ndogo, akaniuliza kama inauzwa pamoja na koti. Nilimpunguzia shilingi 50, nikabaki na chupa. Ilikuwa imekauka.