Visiki vya Chai vya Tukuyu

Mwishoni mwa Septemba, baridi ya Rungwe ilipoanza kulegea, mkulima mmoja jirani na Tukuyu aliamua kung'oa chai yake apande parachichi. Mzee aliyetufundisha bonsai, ufundi wa kulea mti ubaki mdogo chunguni, uani kwake Mbeya, bila ada, akatukusanya: "Wanangu, visiki vile vikiishia jikoni ni dhambi." Tukaondoka na sururu, misumeno na viroba vilivyoloweshwa.

Kwa mlezi wa bonsai, mchai mzee ni hazina. Umepogolewa kila baada ya miaka michache na kuchumwa bila kupumzika, hivyo shina limenenepa na matawi yameanzia chini. Kazi iko ardhini. Mchai wa mbegu hushusha mzizi mkuu mnene, wima. Wa kipandikizi huwa na mizizi mingi ya pembeni, na huo ndio rahisi kuuhamisha.

Kabla ya kuchimba, Mzee alifukua kidogo, akakata mzizi wa unene wa penseli na kudondoshea ayodini ya duka la dawa. Ukigeuka bluu iliyokolea karibu na weusi, una wanga wa kutosha kuchipua upya. Ukibaki na rangi ya ayodini yenyewe, mti una njaa. Ukiukata sasa unauua. Vya namna hiyo tuliviacha. Wakulima wakubwa wa chai hutumia kipimo hichohicho kabla ya kupogoa, lakini wapenda bonsai wengi hawakijui.

Tulichimba mtaro sentimita 30 kutoka shinani, tukakata mzizi mkuu sentimita 15 chini, tukaifunga mizizi kwa viroba vibichi papo hapo. Juu tulipogoa sana, ila tukaacha tawi moja lenye majani liendelee kuulisha mti.

Uani, muda mwingi uliishia kwenye chekeche, tukichekecha udongo wa kupandia. Wajapani wana akadama, udongo wao wa punje wa bonsai. Sisi tuna pumisi, mawe mepesi yenye vitundu yaliyorushwa na volkano ya Rungwe, na sioni sababu ya kuagiza udongo kutoka ng'ambo. Tulibakiza punje za milimita 2 hadi 6. Vumbi lote nje: likibaki hushuka chini, huziba matundu, maji yakatuama na mizizi ikaoza. Kwa pumisi sehemu 2 tuliweka sehemu 1 ya majani ya msindano yaliyooza, maana chai hutaka udongo mchachu, pH 4.5 hadi 5.5.

Mwenzetu mmoja akaja na jivu, kama la migombani. Mzee akalisogeza kando. Jivu huondoa uchachu, mti ukashindwa kunyonya chuma, na majani machanga yakawa njano huku mishipa imebaki kijani.

Visiki viliingia kwenye masanduku ya mbao, si vyungu, vikafungwa kwa waya uliopita kwenye matundu ya chini. Kisiki kikitikisika, vinyweleo vipya vya mizizi hukatika kila upepo ukivuma. Kisha kivuli, na maji mpaka yatiririke chini.

Chipukizi zilitoka kwenye gome kuukuu kabla mvua hazijashika. Tulikuwa na hamu ya kuzifunga waya ili kuzipinda; Mzee akakataa mpaka mwaka wa pili. Mbolea ya NPK 25:5:5 ya mashambani nayo aliikataza: nitrojeni nyingi hivyo hutoa majani mapana na pingili ndefu, na jani la chai ya Assam, aina ya visiki hivi, ni kubwa tayari kwa mti mdogo.