Namba 18: Alhamisi moja ya propu wa mkoani

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Shingo ndiyo huniamsha, simu hufuata baadaye. Nikiwa bado kitandani nageuza kichwa kushoto, kinakwenda. Nageuza kulia, kinafika nusu ya njia na kugoma. Leo ni Alhamisi, kwa hiyo mazoezi ya Jumanne bado yamo mwilini na ya leo jioni yako njiani. Nina miaka 34 na kilo 116, na kazi yangu katika raga ni ya propu, mtu wa mstari wa mbele kwenye skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizoinamiana: kuingiza kichwa mahali ambapo vichwa viwili vya watu wengine vinakingoja.

Nimesema mkoani. Najua mikoa ilifutwa, tuna kaunti, na Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Lakini katika raga ya Kenya ukivaa jezi ya nje ya Nairobi, wewe ni mtu wa mkoani tu. Haijalishi kwamba klabu ya Nakuru ilitwaa Kenya Cup, ligi kuu ya raga, mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, wala kwamba Kabras wa Kakamega walilibeba 2016 na tena 2022. Na klabu yangu haiko hata kwenye ligi hiyo. Sisi tuko daraja la chini yake, ambako nyasi hukatwa siku akipatikana wa kuzikata.

Saa kumi na mbili. Uji, na mayai manne ya kuchemsha.

"Baba Neema, manne?" mke wangu anauliza, kila Alhamisi, kana kwamba jibu limewahi kubadilika. Trei ina mayai 30 na nyumba ina watu wanne. Nakula matatu.

Saa moja naabiri matatu hapa Kaptembwo kwenda mjini. Makanga ananijua. "Mkubwa, kaa mbele na dereva," anasema, maana nikikaa nyuma anapoteza nafasi ya abiria mmoja mzima.

Kuanzia saa mbili niko dukani. Nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na watu hudhani kubeba mifuko ya saruji ya kilo 50 ni mazoezi ya bure. Si kweli. Saruji hubebwa juu ya bega, uzito unalalia upande mmoja wa shingo, na jioni shingo hiyohiyo naidai kazi nyingine. Miaka ya kwanza nilibeba kama wenzangu, nikifika uwanjani niko kama mlango uliopinda. Siku hizi mfuko naukumbatia kifuani kama mtoto aliyelala. Vijana wa stoo wananicheka. Wacheke.

Saa nne namwendea mwenye duka. Hii ndiyo sehemu ninayoiogopa kuliko skramu yoyote.

"Mama, Jumamosi tunaenda Kisumu."

"Na Jumamosi iliyopita mlikuwa wapi?"

"Eldoret, Mama."

"Mnalipwa?"

"Tunalipiwa basi."

Anacheka mpaka anavua miwani. Jumamosi ndiyo siku wateja wanapojaa, watu wamepata mshahara na fundi anangoja mabati. Mapatano yetu ni ya zamani: nikikosa Jumamosi, nakuja Jumapili mchana kuhesabu stoo peke yangu. Kwa hiyo Jumapili, wakati wenzangu wanajikanda kwa maji ya moto, mimi huwa nainama kuhesabu misumari.

Mchana ni mteja baada ya mteja. Mmoja ananitazama masikio, yale yaliyovimba na kukunjamana kama tangawizi, akauliza kama mimi ni Shujaa. Watu wanaipenda sana ile timu ya taifa ya wachezaji saba, na wana haki. Nami nilipiga kelele 2016 walipowafunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Ila ilibidi nimweleze yule bwana: katika raga ya saba skramu ni watu watatu kwa watatu, na kilichobaki ni mbio tupu. Mtu kama mimi hana kazi humo. Katika raga ya kumi na tano tunasukumana wanane kwa wanane. Akasikiliza kwa adabu, akanunua kitasa, akaenda zake.

Saa kumi na moja kasoro natoka. Ndani ya pochi yangu kuna risiti tatu za fizio za mwaka jana, nilipoumia shingo kwenye mechi. Niliahidiwa na viongozi kwamba nitarudishiwa. Sizungumzii tena jambo hilo, ila risiti sizitupi.

Saa kumi na moja na nusu, uwanjani. Tumefika 19. Wanafunzi wana mitihani, askari wetu yuko zamu, na beki mmoja anasema bodaboda yake imezimika njiani. Kocha anatupa mbio za kupasha mwili, kisha mabeki wanaenda kule mbali kurushiana mpira na kupendeza. Sisi wa mbele tunaburuta mashine ya skramu kutoka chini ya mti. Ilikuwa na mito minne ya kuegemea mabega. Mmoja ulipasuka, sasa tumeufunga magunia.

Nampa kijana nafasi yangu. Ana miaka 21, yuko chuo, ana nguvu za kunyanyua nyumba, na skramu haijui. Ananiita Mzee. Namwambia propu wa namba 1 ana upande mmoja ulio wazi, upepo unampiga sikioni. Sisi wa namba 3 kichwa chetu kinaingia katikati ya namba 1 wao na huka wao, yule anayesimama kati ya mapropu wawili, kwa hiyo tunabanwa huku na huku. Ndiyo maana namba 3 hazipatikani: kila mtu anataka kuwa na sikio moja lenye hewa.

"Mgongo uwe bapa, mtu aweze kuuwekea chai. Mabega yasishuke chini ya nyonga, hata kidogo. Hiyo ni sheria, na pia ni shingo yako."

"Sawa, Mzee."

"Na ukimshika, shika jezi ya mwili. Ukishika mkono, refa anakupigia filimbi."

Refa hutoa amri tatu: kuinama, kushikana, halafu kuingia. Nilipoanza kucheza, kushikana hakukuwepo kabla ya kugongana. Ulimgusa tu mpinzani begani, ukasubiri, kisha tani nzima ya watu ikarukiana kutoka mbali kama kondoo dume. Utaratibu ulibadilishwa 2013. Namwonyesha kijana jinsi ilivyokuwa, kwa kifua changu dhidi ya gunia, na mpaka sasa najuta. Shingo ikalia kama bawaba.

Tunarudia mara kumi na mbili. Mara ya tisa anakosea miguu, anaiweka sambamba na kuteleza. Mara ya kumi anairudisha nyuma kidogo, magoti yanakunjika sawasawa, na mashine yenye wenzetu wanne juu yake inasogea. Inasogea hatua nzima! Nimekuwa nikimfundisha hatua hiyo tangu Januari. Nilifurahi, kisha nikaelewa nimefurahia nini.

Saa mbili kasorobo usiku. Giza, taa moja tu inawaka, kocha ananivuta pembeni.

"Ataanza yeye."

"Nimeona."

"Lakini wewe lazima uje."

Najua kwa nini lazima, na si huruma. Timu ikiorodhesha wachezaji 23, sita kati yao sharti wawe wanaoweza kucheza mstari wa mbele, kwa sababu mtu asiyefunzwa akiwekwa pale anaweza kuvunjika shingo. Ukiishiwa na watu hao, refa anaamuru skramu za kushikana bila kusukumana, na sisi bila kusukuma hatuna silaha nyingine. Mawinga wetu unawaona: wazuri, lakini kasi yao ni ya matatu iliyojaa. Kwa hiyo kila safari propu mzee yumo ndani ya basi. Msimu huu nimevuka barabara ya Kericho mara tatu, na mara mbili kati ya hizo sikuvua hata suruali ya mazoezi.

Saa tatu usiku. Nimefika nyumbani, nimekula ugali, sukuma na omena, na nimelala sakafuni kifudifudi na taulo lililoviringwa chini ya shingo. Neema ananikanyaga mgongoni kwa miguu yake miwili midogo, matibabu pekee ninayoyapata bila risiti. Simu inalia. Orodha imetumwa kwenye kundi la WhatsApp. Namba 3, kijana. Nashuka mpaka chini.

"Umepewa ngapi?" mke wangu anauliza kutoka jikoni.

"Kumi na nane. Benchi."

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Kumi na moja alfajiri. Kila mtu abebe maji yake."

Anakaa kimya kidogo. Nasikia sufuria ikiwekwa mekoni.

"Nikuchemshie manne?"

Kabla sijajibu, ujumbe mwingine unaingia. Ni kijana: "Mzee, zile njumu zako za misumari mirefu, Kisumu kukinyesha utanikopesha?"

Namwambia Neema ashuke mgongoni, nikazitafute chini ya kitanda.