Ukungu nje, ukungu ndani ya kopo

Siku ya tatu pale Kapkwai nilifungua kopo la nondo niliowakamata usiku wa kwanza. Miili ilikuwa imeota ukungu mweupe, mbawa zimenata kwenye karatasi. Ukungu nje, ukungu ndani ya kopo. Roho iliniuma, kwa sababu wadudu wale niliwaua kwa mkono wangu mwenyewe, na mdudu uliyemuua ukamwacha aoze umemuua bure.

Nilikuwa nimepanda Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa, kukusanya nondo kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo. Vibali nilikuwa navyo viwili: cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa kuwa msitu ule ni hifadhi ya taifa tangu 1993, na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Usiguse hata sisimizi bila hivyo. Kambi yetu ilikuwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shati ulilofua asubuhi hulala mbichi kwenye kamba.

Nilimwonyesha lile kopo mzee aliyekuwa akituongoza msituni. "Mzee wangu, hapa nifanyeje?"

Akalinusa, akalirudisha. "Kijana, sisi mahindi tunayatundika juu ya moto jikoni. Jua la huku si la kutegemea."

Nilikuwa na chembe za silika za kunyonya unyevu, zile za buluu ambazo zikishiba unyevu hugeuka waridi. Zangu zilikuwa zimeshageuka zote, nami nilidhani zimekwisha kazi. Jioni ile nilizimwaga kwenye sufuria kavu, nikaiweka juu ya sigiri yenye makaa machache, nikawa nakoroga polepole. Baada ya muda ile waridi ilianza kufifia, buluu ikarudi chembe moja moja. Nilifurahi mno! Zilipopoa nilizifunga kwenye kitambaa, nikaziweka chini ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu yake bahasha za nondo. Hazikutosha, basi ndoo ya pili nikaitilia mchele uliokaangwa bila mafuta. Tangu hapo kila jioni sigiri ilikuwa na kazi mbili, chai na silika.

Siafu nao walikuja. Meza ya kazi niliisimamisha miguu yake ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa, wakaizunguka wakapita.

Kukamata kwenyewe kulihitaji subira tu. Usiku wenye mbalamwezi shuka letu jeupe, tulilolitundika mbele ya taa ili nondo waje kutua, lilibaki karibu tupu, taa ikiwaka na jenereta ikila petroli. Usiku wa mawingu, hakuna upepo, manyunyu kidogo, ndipo walipokuja hadi weupe wa shuka ukapotea. Wale wakubwa wenye alama za macho kwenye mbawa walifika tumeshakata tamaa, baada ya saa sita. Kila mmoja nilimtia peke yake kwenye chupa ya kuulia, kwa maana wakiwa wawili hupigana mbawa na ule unga wa rangi hupukutika wote.

Lebo niliandika palepale, kwa kalamu ya risasi. Wadudu wadogo niliowatia kwenye spiriti siku ya kwanza niliwaandikia kwa kalamu ya wino, na wino uliyeyuka wote, karatasi ikabaki nyeupe. Sasa naandika: Uganda, Mlima Elgon, Kapkwai, mita, tarehe, mtego wa taa, jina langu.

Kampala nilizifungua ndoo nikiwa nimeshika pumzi. Bahasha zilikuwa kavu, zinachakarika. Nondo mmoja tu, wa kijani kibichi, mzuri kuliko wote, nilimkuta hana lebo. Nilimweka kando. Bado yuko mezani kwangu, na sijui ni wa usiku upi.