Malio ya Kiko

Mwaka 2013 nilikuwa mkaguzi wa maombi ya alama za biashara Dar es Salaam, na mafaili ya klasi ya 34 yalikuwa yangu. Katika mpangilio wa Nice, utaratibu wa kimataifa wa kugawa bidhaa na huduma katika makundi 45 yaitwayo klasi, hiyo ndiyo ya mwisho kwa bidhaa. Baada yake zinaanza huduma. Humo mna tumbaku, sigara, ugoro, viko, viberiti, hata visahani vya majivu. Siku moja likaja ombi la neno MALIO, kwa ajili ya shisha na vifaa vyake.

Orodha ya bidhaa haikunisumbua. Mwombaji alikuwa ameweka pamoja shisha, tumbaku yake, makaa, na chaja ya shisha ya umeme. Makaa ni ya kuwasha moto, yanakwenda klasi ya 4. Chaja ni klasi ya 9, ingawa shisha yenyewe ya umeme inabaki 34. Kwetu kila klasi huombewa na kulipiwa peke yake, kwa hiyo barua ya kumtaka mtu azitenganishe humgusa mfukoni. Niliiandika kwa upole.

Kisha nikatafuta kwenye rejesta alama zinazofanana na hiyo. Majina huwa nayasoma kwa sauti, maana wengi wetu tunabadilishana r na l, na alama mbili zinazotofautiana machoni zinaweza kuwa moja mdomoni. Malio, Mario. Sikuona kilichogongana. Nikashika kalamu kuandika kwamba sina kipingamizi, nikalitamka tena lile neno, na mkono ukasita.

Babu yangu, Pangani, kila baada ya alasiri alikaa barazani na kiko chake cha maji. Juu kulikuwa na bori la udongo, kaa jekundu limelalia tumbaku; digali, bomba la kupitisha moshi, likashuka mpaka ndani ya kifuu chenye maji; shilamu, mrija wa kuvutia, ikaja mdomoni. Akivuta, maji yalilia ndani ya kifuu, na bibi akiwa jikoni alisikia: "Malio hayo. Mpelekeeni kahawa."

Nilimwendea mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo, mtu anayejua jani lililokauka vizuri kwa kulipapasa tu, lakini kiko cha maji hakukulia nacho.

"Mzee, hili ni neno la kiko."

"Kamusi inasemaje?"

Kamusi ya ofisi haikuwa na maana hiyo.

"Basi ni la kubuni. Lipitishe."

Nikampigia mama simu mbele yake, nikaweka spika. "Shikamoo mama. Babu akivuta kiko, ule mlio wa maji tuliuitaje?"

"Marahaba. Si malio, mwanangu? Leo umekumbuka nini?"

Mzee akalirudisha faili mikononi mwangu.

Neno hilo lingeombwa kwa sabuni, ningelipitisha siku ile ile. Kwa kiko haiwezekani, kwa sababu fundi mwingine anayetaka kusema kiko chake kina malio mazuri angeweza kuburutwa mahakamani kwa neno alilorithi. Kuna wenzangu waliotaka niyakatae maombi ya tumbaku yote. Niliwaelewa, babu yangu alikohoa mpaka siku ya mwisho. Lakini Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa unaolinda alama za biashara, unasema aina ya bidhaa haizuii alama kusajiliwa, na vita vya sigara vina sheria zake.

Mwombaji alikuja na wakala wake. Kijana mstaarabu. "Dada, neno hili nimelitoa kwa bibi yangu, Unguja."

"Hata bibi yangu alikuwa nalo," nikamwambia.

Alinyamaza kitambo, halafu akatoa kwenye bahasha mchoro aliouchora mwenyewe, kasa anayepuliza mapovu, na neno chini yake. Mchoro ule ulikuwa na upekee. Tukaupokea pamoja na kanusho kwamba hadai haki ya pekee juu ya neno "malio". Tangazo likatoka kwenye jarida, siku 60 za pingamizi zikapita, hakuna aliyepinga. Nilipotia saini nilifurahi sana, kwa ajili yake na kwa ajili ya neno lenyewe.

Jioni ile nilichukua kadi, nikaandika bori, digali, shilamu na malio, kila moja na maana yake, nikaibandika ndani ya jalada la kamusi ya ofisi.